Bei ya Wino Itajwe Dukani

Ni jambo lisilofichika kwamba printa za nyumbani zimeenea katika maduka yetu ya Unguja na Pemba, zikisifiwa kuwa chombo kimoja huchapisha picha, hutoa kopi na huskani. Bei yake ni ndogo, na mzazi mwenye wanafunzi nyumbani huona amepata nafuu kubwa. Sisi hatupingi chombo hiki kuingia majumbani. Tunalolipinga ni mnunuzi kuonyeshwa bei ya mashine na kufichwa bei ya wino, ilhali faida ya biashara hii, kwa aina nyingi, imo ndani ya wino.

Za kutahadhari nazo zaidi ni zile za katriji ndogo. Katriji nyeusi ya HP 123, kwa mfano, imekadiriwa na watengenezaji wenyewe kutoa kurasa 120 hivi, na ile ya rangi kurasa 100. Tena makadirio hayo si ya picha inayofunika karatasi nzima kwa rangi. Anayetarajia kuchapisha albamu ya harusi kwa katriji iliyokuja na mashine ataishiwa na wino kabla bibi harusi hajatolewa nje. Zipo pia printa zinazoikagua chipu ya katriji na kuikataa isiyotoka kwa mtengenezaji. Mwezi Septemba 2016 wenye baadhi ya printa za HP walikuta mashine zao zimezikataa katriji za bei nafuu zilizokuwa zikifanya kazi vizuri. Printa za matangi, kama vile Epson EcoTank na Canon PIXMA za jamii ya G, ni ghali zaidi dukani, lakini wino wake hutiwa kwa chupa, na kwa aina nyingi chupa moja nyeusi hutoa kurasa zaidi ya 4,000. Mwenye kazi ya kila wiki na anunue hizo.

Tangi nalo si dawa ya kila kitu. Mashine ikikaa muda mrefu bila ya kazi, wino hukauka katika vitundu vyembamba vya kuchapishia, na kila inapojisafisha hunywa wino ule ule ulionunuliwa kwa ajili ya picha. Kununua mashine ya kutumiwa sikukuu hadi sikukuu ni israfu. Na kwa unyevu wa visiwa vyetu, karatasi ya picha iliyoachwa wazi wakati wa masika hujikunja na rangi zikachafuka. Kwa picha chache za familia, studio ya mtaani bado ni rahisi zaidi.

Kwa maoni yetu, kazi yake yenye thamani kubwa ni kuskani, ambayo haili wino hata tone. Majumbani mwetu mna picha za wazee, nyingine zilizopigwa Capital Art Studio, iliyofunguliwa Mji Mkongwe mwaka 1930, nazo zinaliwa na ukungu ndani ya masanduku. Picha ndogo ikiskaniwa kwa nukta 600 kwa inchi huweza kuchapishwa kwa upana na urefu mara mbili bila ya kuharibika, na nakala yake ikatumwa siku hiyo hiyo kwa jamaa walioko Maskati au London. Zikishapotea hizo, hakuna duka la kuzinunua tena.

Tunawaomba wakubwa wanaohusika na biashara wawatake wauzaji waandike, pembeni mwa bei ya mashine, bei ya wino wake na idadi ya kurasa zake. Na ofisi zinazodai kopi za rangi za vyeti, pale ambapo kopi nyeusi ingetosha, ziache kumtia mwananchi gharama hiyo.

Mnunuzi naye, kabla ya kulipa, aombe ichapishwe mbele yake picha moja ya sentimita 10 kwa 15, kisha aulize wino wa mashine ile ni shilingi ngapi, na kwa aliyeko Wete au Mkoani unapatikana wapi.