Serikali Ikilipa Deni la Mfereji, Ada Isikome

Ndugu mkulima, na wewe mfanyabiashara unayesubiri mazao ya skimu, soma hili kabla ya mkutano ujao.

Julai 2019, handaki la mfereji karibu na Fort Laramie, Wyoming, Marekani, lilibomoka. Lilikuwa na umri wa miaka zaidi ya 100. Ekari zaidi ya 100,000 za Wyoming na Nebraska zilikosa maji katikati ya msimu.

Wapo wanaosema mkulima abebe mzigo wake mwenyewe. Mimi nakataa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1902 iliwataka wakulima warudishe gharama za ujenzi bila riba, kwa miaka 10. Mwaka 1914 muda ukawa miaka 20, na mwaka 1926 ukawa 40. Kuongeza muda hakuzibi ufa. Handaki halijengwi kwa bei ya maharage. Jimbo likisaidia kulipa deni la serikali kuu, linafanya haki, maana kodi za mavuno hayo linakula nalo.

Lakini deni likifutwa, wengi huacha kuchanga. Tope hujaa, banio huvuja, na baada ya miaka michache mnakopa tena.

Kwa hiyo dai mambo mawili pamoja: serikali ilipe deni, na ada ya maji iendelee, iingie akaunti ya matengenezo. Mkutanoni usiulize tu nani atalipa. Uliza nani atautunza mfereji deni likiisha, na jibu liandikwe kwenye muhtasari.