Matokeo Hayatumwi Yakiwa Mabichi

Leo nina ugomvi. Ninagombana na walimu wenzangu, makarani, watunza hazina wa vikundi, na kila mtu anayepiga hesabu katika kompyuta kisha akazituma kwa watu kama zilivyo. Nasema bila kumung'unya maneno: jedwali la Excel lililoachwa wazi ni chungu kingali motoni. Anayewapelekea wazazi chungu hicho hajamaliza kazi yake, na akisema amemaliza anajidanganya.

Sisemi haya kwa sababu ya uzee wala kwa kuichukia kompyuta. Nilisomea ualimu chuoni katika miaka ya 1970, na mkufunzi wetu alitufundisha kwamba daftari la alama huandikwa kwa wino. Ukikosea, unakata kwa mstari mmoja ili kosa lenyewe libaki likisomeka, unaandika alama sahihi juu yake, kisha unatia saini pembeni. Kukwangua kwa wembe lilikuwa kosa la kuitwa ofisini. Nilipokuja kuwa mkuu wa shule, matokeo ya muhula yalipigwa chapa kwenye stensili, yakarudufiwa, nami nikatia saini na mhuri. Kazi ilichosha na wino haukutoka vidoleni kwa siku mbili. Lakini mzazi wa Kilosa mjini na mzazi wa Mikumi walisoma maneno yale yale na namba zile zile. Aliyebisha alikuja, tukafungua daftari, tukaelewana.

Kisha ikaja lahajedwali. Ya kwanza kupata umaarufu katika kompyuta ndogo ilikuwa VisiCalc ya mwaka 1979, na leo walimu wengi wanatumia Excel. Ni chombo cha ajabu. Ukibadilisha alama moja ya Hisabati, jumla, wastani na nafasi ya mwanafunzi vinabadilika vyenyewe. Kazi iliyokuwa ikinikesha usiku kucha kwa taa ya chemli inamalizika kabla chai haijapoa. Ila uzuri huo ndio hatari yake. Kilichotengenezwa ili kibadilike kitabadilika, tena mkononi mwa yeyote.

Haya nimejifunza kwa aibu yangu mwenyewe. Miaka michache iliyopita, nikiwa nimekwisha kustaafu, shule moja ya sekondari upande wa Mikumi iliniomba nisaidie kukagua matokeo ya mtihani wa majaribio wa kidato cha nne. Wanafunzi walikuwa zaidi ya 80. Tulikagua hadi jioni. Mwalimu wa taaluma, kijana hodari, akaniuliza: "Mwalimu, niyatume kwa wazazi hivi hivi?" Nilikuwa nimechoka na basi la Kilosa lilikuwa karibu kuondoka. Nikamjibu: "Tuma tu."

Likaenda kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Baadhi yao hawakuweza kulifungua kabisa. Wengine walilifungua wakakuta alama za reli zimejipanga mahali pa namba, kwa kuwa safu zilikuwa nyembamba. Kisha mtu mmoja, kwa nia njema kabisa, akataka kutusaidia. Aliona majina hayakufuata alfabeti, akayapanga. Kompyuta ilimuuliza kama ahamishe na safu za jirani. Akakataa bila kuelewa swali. Majina yakahama, alama zikabaki pale pale. Akalituma upya, akashukuriwa na kundi zima.

Siku ya tatu alifika kwangu mzee mmoja, mkulima wa mahindi hapa Kilosa, akiwa ameshika simu ya kijana wake. Binti yake, niliyekuwa nimeona kwa macho yangu amepata 71 katika Hisabati, alikuwa amesimama mbele ya sifuri ya mtu mwingine. Baba alikuwa amekwisha kwenda Mikumi kumtoa bweni, binti na sanduku lake. Aliniambia kwa upole: "Mwalimu, mimi sina fedha ya kulipia sifuri."

Tulirudi kwenye daftari la wino, tukamwonyesha. Lakini mpaka ada ya bweni, ambayo baba alikuwa ameitumia kwa mambo mengine, ilipopatikana tena, binti alikuwa amekosa wiki tatu za masomo, na mtihani wa Taifa ulikuwa umekaribia. Hakuna aliyemdhulumu kwa makusudi. Aliyepanga majina alitaka kusaidia. Aliyesema "tuma tu" ni mimi.

Na hilo halikuwa kosa pekee. Faili lile lilikuwa na karatasi ya pili nyuma ya ile ya alama, yenye orodha ya wadaiwa wa ada na namba za simu za wazazi. Sikuikumbuka. Watu wazima walisomwa madeni yao na majirani zao. Leo tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, lakini hata kabla ya sheria, mtu mwenye haya hakupaswa kusubiri kuambiwa.

Dawa ipo, na ina umri mkubwa. Mwaka 1991 John Warnock, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Adobe ya Marekani, aliandika andiko fupi kuhusu shida ya waraka kutoka kompyuta moja kwenda nyingine ukiwa na sura ile ile. Mwaka 1993 kampuni yake ikatoa PDF. Mwaka 2008 PDF ikawa kiwango cha kimataifa, kwa hiyo hatuhitaji kununua programu ya Adobe ili kuitengeneza. Excel ya mwaka 2010 na zilizofuata zinaihifadhi zenyewe. LibreOffice, ambayo ni ya bure, inafanya vivyo hivyo. Mwalimu hana kisingizio.

Ila nisieleweke vibaya. Kubonyeza kitufe hakutoshi. Nimepokea PDF ambazo majina yako ukurasa wa kwanza na alama za Kiswahili ziko ukurasa wa tano, kama mabehewa yaliyokatika njiani. Aliyezituma hakuzitazama. Kabla ya kubonyeza, chagua eneo la kuchapishwa, ili orodha ya madeni ibaki nyumbani. Laza ukurasa ikiwa masomo ni mengi. Amuru safu zote ziingie katika upana wa ukurasa mmoja. Herufi zikigeuka sisimizi, gawa jedwali mara mbili. Amuru mstari wa vichwa urudiwe kila ukurasa, ili mzazi asihesabu kwa kidole ni somo gani. Weka tarehe na namba za kurasa. Kisha tazama ukurasa mmoja mmoja, kama ulivyotazama stensili kabla ya kuizungusha. Hapo ndipo unapogundua kwamba kuna jina limeachwa. Ndiyo maana nasema kugeuza jedwali kuwa waraka ni ukaguzi wa mwisho, na anayeuruka ameruka kazi yenyewe.

Vijana wananijibu kwamba hata PDF hubadilishwa. Ni kweli, hubadilishwa. Hata mhuri wangu ungeweza kuchongwa na fundi wa mihuri bandia. Lakini kati ya kubadilisha kwa makusudi na kuharibu kwa kidole kilichoteleza kuna tofauti kubwa. Mwizi tutamshughulikia kama mwizi; daftari la asili lipo ofisini, tutalinganisha. Ninachotaka kuzuia ni mtu mwema kuharibu maisha ya mtoto wa mwenzake bila kujua.

Wengine wananiambia kwamba wakubwa nao hutumia PDF kuficha hesabu. Hapo nakubaliana nao kabisa. Mkaguzi akiomba mahesabu ya kikundi, mpe jedwali lenyewe, na kanuni zake, ajumlishe mwenyewe. Kumpa namba zilizogandishwa ili ashindwe kuona zilikotoka ni ujanja, na ujanja huo nao niliuona enzi za karatasi. Anayepaswa kuhesabu apewe jedwali. Anayepaswa kusoma apewe waraka. Mzazi wa mkulima wa mahindi anapaswa kusoma.

Ukipita barabara kuu inayokatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, utakuta mabango yanayoonya madereva na kutaja faini ya kugonga mnyama. Yameandikwa kwa rangi. Dereva wa lori anayekwenda Zambia na dereva wa basi la Morogoro wanasoma bango moja. Hebu fikiri kila dereva angeachiwa chaki na kitambaa chini ya bango: jioni tembo angekuwa na bei ya kanga, na kila aliyepita angeapa kuwa hakufanya lolote baya. Wanyama wetu tumewawekea maandishi yasiyofutika. Watoto wetu tunawaandikia kwa chaki.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Alama za mtoto ni mali yake ya kwanza, na mara nyingi ni mali pekee atakayoondoka nayo nyumbani kwa baba yake. Kwa hiyo nawaomba wakuu wa shule wa Kilosa, wa Mikumi na wa kwingineko: kama hujautazama ukurasa kwa macho yako, na kama huko tayari kutia saini chini yake, usiutume. Basi litakusubiri, au utapanda la kesho. Mimi nililiwahi lile la jioni, nikafika Kilosa mapema, nikala, nikalala. Siku tatu baadaye nilifunguliwa mlango wa aibu, na haujafungwa mpaka leo.