Mgeni aliyeomba jembe



Wazee wametuachia neno hili: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mara nyingi twalitamka kwa kucheka, tukimsema mgeni mvivu ambaye ala na kulala tu. Leo twataka kulitazama kwa upande mwingine. Je, mgeni akija kwetu na kuomba jembe mwenyewe, nasi twakumbuka ya kuwa ndugu zake walituchomea nyumba, tutampa?

Swali hilo liliwapata watu wa Esnes, kijiji cha Ufaransa karibu na mji wa Verdun. Mwaka 1916 majeshi ya Wafaransa na ya Wajerumani yalipigana huko tangu Februari hata Desemba. Watu karibu 300.000 walikufa. Esnes kikabaki kifusi, na mashamba yake yakajaa mashimo ya makombora. Vita vilipokwisha mwaka 1918, wenyeji waliorudi walikuta mawe matupu mahali pa nyumba zao.

Mwaka 1920 watu wenye kutafuta amani walikutana Bilthoven, katika Uholanzi. Walisema maneno mengi mazuri. Kisha Mjerumani mmoja alisimama, akaeleza ya kuwa alitamani kwenda Ufaransa kujenga upya kile ambacho watu wa taifa lake walikibomoa. Neno hilo lilimwingia sana moyoni Mswisi mmoja, jina lake Pierre Cérésole. Basi, mwezi wa Novemba mwaka ule ule, alifika Esnes pamoja na kikundi kidogo cha watu wa mataifa mbalimbali, na Wajerumani wakiwamo.

Walifanya kazi gani? Walifukia mashimo, waliondoa vifusi, walitengeneza barabara, walisimamisha nyumba za mbao. Mshahara hawakupokea. Wanafunzi, shikeni neno hili: Cérésole alikuwa injinia mwenye elimu kubwa, na baba yake alikuwa Rais wa Uswisi mwaka 1873. Lakini hakuona aibu kushika beleshi na kupakwa matope. Wako kati yenu wanaodhani ya kuwa mkono uliozoea kalamu hauwezi tena kuzoea jembe. Wamfikiri mtoto huyu wa Rais.

Sasa sikilizeni jinsi mambo yalivyogeuka. Vidonda vya vita vilikuwa vibichi bado. Wakubwa wa mahali hawakukubali Wajerumani waendelee kukaa pale. Wangaliondoka wao tu, wenzao wangaliweza kubaki na kazi ingaliendelea. Lakini wenzao walikataa kutengwa nao. Mwezi wa Aprili 1921 walifunga mizigo, wakaondoka wote pamoja, na kazi haijaisha.

Tusiwahukumu upesi watu wa Ufaransa. Mama aliyezika wanawe hawezi kuambiwa asahau kwa kuwa mtu mmoja amefukia shimo moja. Lakini tusiseme pia ya kuwa kazi ile ilipotea bure. Kikundi kilichofukuzwa kilikuwa mbegu. Mwaka 1927 mto Rhine ulifurika, ukafunika mashamba ya nchi ndogo ya Liechtenstein kwa mchanga na mawe. Mwaka uliofuata watu zaidi ya 700, wa mataifa zaidi ya 20, walikwenda kuyasafisha. Na tarehe 15 Januari 1934, tetemeko kubwa la nchi liliharibu jimbo la Bihar, katika India. Cérésole alivuka bahari, na Waingereza wachache wakamfuata, wakajenga vijiji pamoja na wenyeji. Wakati ule India ilikuwa ingali chini ya Waingereza. Angalieni basi jambo hili: watu wa taifa lililotawala walichimba udongo bega kwa bega na watu waliotawaliwa. Shirika lao, Service Civil International, lingaliko hata leo.

Sisi wa Kongo twaijua pia hofu ya mwenye kumkataa anayekuja kusaidia. Tangu Agosti 2018 hata Juni 2020, ugonjwa wa Ebola uliua watu zaidi ya 2.200 katika Kivu ya Kaskazini, Ituri na pembeni. Watu wa Msalaba Mwekundu, wengi wao Wakongomani wenye kujitolea, walikwenda kuzika maiti ambazo jirani hakuthubutu kuzigusa. Mara nyingine walipokewa kwa mawe. Watu waliwaona wakija na mavazi yaliyofunika uso, wakasema: hawa wametoka wapi, na wataka nini kwa maiti wetu? Kilichosaidia ni kusikilizana. Jamaa walielezwa kila jambo, wakapewa nafasi ya kusali na kuona ndugu yao anazikwa kwa heshima. Hapo mawe yalianza kuanguka mikononi.

Hivyo twaona ya kuwa jembe lina masharti kwa pande zote mbili. Mgeni sharti amwulize kwanza mwenyeji: shamba lako ni lipi, nianzie wapi? Wako wanaofika kwa majuma mawili, wakajenga ukuta ambao mafundi wa kijiji wangaliujenga vizuri zaidi na kupata riziki yao, wakapiga picha nyingi, wakaenda. Hao walikuja kujitazama wenyewe. Wangalikaa kwao bila hasara.

Naye mwenyeji ana wajibu wake. Tukimpa mgeni kiti cha mbele, tukampigia makofi na kungoja afungue mfuko, twamfanya kuwa bwana nasi twajifanya maskini. Tumpe jembe, nasi tushike letu, tulime mstari mmoja. Fedha zaweza kutumwa toka mbali bila mtu kumjua mtu. Lakini mkilowa mvua moja na kula chungu kimoja, si rahisi tena kudanganywa na mtu anayewaambia ya kuwa watu wa taifa fulani ni wanyama.

Siku hizi vita, mafuriko na magonjwa havingoji ruhusa kwenye mipaka. Wengi wetu hatutakwenda India wala Ulaya. Lakini katika mtaa wetu wamo waliokimbia vita, wenye lugha nyingine, na pengine wa kabila ambalo tumezoea kulinung'unikia. Je, wameomba jembe, nasi tukawanyima?

Jumapili hii, baada ya chakula, baba na mama wawaulize watoto swali tuliloanza nalo. Wawaache wajibu wao kwanza.