Kituruki kifundishwe kwa Kiswahili

Na Editha Nsokolo, Shanwe, Mpanda

Kijana wa hapa Shanwe akipata ufadhili wa serikali ya Uturuki, ule wa Türkiye Bursları, kwa kawaida haanzi shahada yake siku anayofika. Kwanza anasomea lugha mwaka mzima, mara nyingi katika kituo cha chuo kikuu kiitwacho TÖMER. Asipofikia kiwango kinachotakiwa, masomo aliyoyafuata hayaanzi. Kwa familia iliyojinyima mpaka mtoto akamaliza kidato cha sita, namna Kituruki kinavyofundishwa si jambo dogo.

Akitaka kujiandaa akiwa bado nyumbani, vitabu na programu nyingi za simu zinamweleza Kituruki kwa Kiingereza. Huyu ni mtu ambaye pengine nyumbani kwao wanaongea Kibende, Kikonongo au Kisukuma, na Kiswahili ndicho anachokitumia kutwa nzima. Anazungushwa bila sababu. Vyuo vikuu vyetu vikitafuta ubunifu, vianzie hapa.

Mwalimu aandike ubaoni: pika, pikia, kata, katia. Chini yake: soma, somea, cheka, chekea. Darasa litaona lenyewe kwamba irabu ya mzizi ndiyo inayochagua kati ya -i- na -e-. Kando aandike ev, evler, yaani nyumba. Kisha okul, okullar, yaani shule. Hapo pia irabu inachagua, -ler au -lar. Kanuni hii humsumbua sana Mwingereza, maana lugha yake haina kitu cha namna hiyo. Mtoto wa Mpanda anaitumia tangu alipoanza kusema, na hakuna aliyemfundisha.

Chukua pia "sikuja". Mturuki husema gelmedim, naye kwa neno moja amekwisha kutaja nani, lini, na kwamba jambo halikufanyika. Hata "o" yao, kama "yeye" wetu, haiulizi mwanamume au mwanamke.

Ugumu upo. Viambishi vyao hufuata mzizi, na kitenzi kwa kawaida hukaa mwisho wa sentensi. Saa nyingi za darasani ziende huko, si kwenye mambo ambayo mwanafunzi tayari anayo kinywani.

Vifaa navipenda, na video za mazungumzo zinasaidia sana matamshi. Lakini projekta haiponyi maelezo yaliyopita njia ndefu. Afadhali tuwatumie watu tulionao: tangu 2017 Watanzania wengi wamefanya kazi na mafundi wa Yapı Merkezi, kampuni ya Kituruki, kwenye reli ya SGR. Waalikwe darasani, wanafunzi wafanye nao mazungumzo ya kazi halisi.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina wataalamu wa Kiswahili pale Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI), na kina idara ya lugha za kigeni. Urafiki na vyuo vya Uturuki nao upo. Aprili 2024 Chuo Kikuu cha Ankara kilimtunuku Rais Samia shahada ya heshima. Nawaomba wataalamu hao wakae meza moja na wenzao wa Ankara, waandike kitabu cha kufundishia Kituruki kwa Kiswahili. Kikitoka, nakala zake zifike Mpanda mapema, kabla vijana wa kidato cha sita hawajaanza kujaza fomu za maombi.