Sarafu ya Shaba na Mahali Ilipoanguka

Huko Segera hukutana njia tatu: moja yatoka Tanga, moja Korogwe, na moja Chalinze. Msafiri akiangusha sarafu mchangani pale, ikalala miaka 600, atakayeichimbua ataweza kusema, "Hapa walipita watu wenye fedha hii." Lakini mtoto akiiokota, akaipeleka Tanga asiseme alikoitoa, sarafu itabaki, habari yake itakuwa imekufa.

Ndivyo zilivyo sarafu za kale za Kilwa. Masultani walizipiga kwa shaba, upande mmoja jina la mfalme, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na vina vya pande mbili vikalingana. Vivyo hivyo zamani za Warumi, mji wa Efeso ulitia katika fedha zake za shaba sanamu ya Artemi, yule atajwaye katika Matendo ya Mitume. Na miji mingine ilitia mataji ya michezo ya sikukuu. Kila mji ulijisifu kwa kipande kidogo cha shaba.

Sarafu hizo za Kilwa hazikuandikwa mwaka. Kwa hiyo mahali zilipolala ni nusu ya maneno yake. Sarafu ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, ilionekana katika magofu ya Zimbabwe Kuu, nayo yashuhudia biashara ya pwani na bara. Lakini sarafu tano za Kilwa zilizookotwa na askari mwaka 1944 ufukoni mwa kisiwa cha Australia hazikuchimbuliwa kwa utaratibu, na mpaka leo wataalamu wabishana zilifikaje huko.

Wako wasemao, "Maskini aliyeokota sarafu, mbona asiiuze?" Neno hilo si la kudharauliwa, maana njaa ni kitu kizito. Lakini bei ya shaba huliwa kwa siku moja, na mnunuzi huondoka na habari ya nchi nzima. Afadhali aokotaye asiisugue kwa mchanga, maana herufi zitafutika. Atie alama mahali pale, amwambie mwalimu wake, ili watu wa makumbusho wapate habari. Nao wamshukuru, waandike jina lake kando ya sarafu, kwani hiyo ndiyo haki yake.

Wazee walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari.