Hospitali zilipwe kwa wakati

Wafanyabiashara wa mpakani, Rusizi na Rubavu, huniuliza kwa nini mwenye bima binafsi huchangamkiwa kuliko mwenye mituweli. Jibu limo katika malipo. Daktari wa hospitali ya serikali hulipwa mshahara. Mituweli, iliyoanza kwa majaribio mwaka 1999 na kukabidhiwa RSSB mwaka 2015, hailipi daktari. Hulipa hospitali, tena baada ya ankara kukaguliwa. Bima binafsi hulipa kliniki kwa kila huduma, kwa bei waliyopatana. Hapo kila mgonjwa ni mapato.

Hata hivyo, mituweli ndiyo kimbilio la mnyonge: katika kituo cha afya huchangia faranga 200 tu, na hospitalini asilimia 10 ya gharama. Lakini ankara zikicheleweshwa, dawa huisha na mgonjwa huambiwa akanunue mwenyewe. Naiomba serikali, basi, ilipe hospitali kwa wakati. Nanyi ndugu zetu mliorejea nyumbani, lipeni michango mapema, msingoje kuugua. Tena mkumbuke: kadi hiyo haivuki mpaka. Ukiugulia Goma au Bukavu, utajilipia mwenyewe.