Kuitikia Siyo Kukubali

Katika safu hii tumezoea kuyafuata maneno ya Kiswahili hadi yanakoishi. Safari hii tumelifuata neno "sawa" hadi gereji, na tumelikuta limemtia mwenzetu hasarani.

Mwenzetu huyo ana gari dogo kuukuu. Baada ya vipindi humpeleka kazini, kuwatunza wazee majumbani mwao hadi usiku. Bila gari hilo hakuna kazi, na bila kazi hakuna kodi ya chumba. Novemba iliyopita alilipeleka kwenye idara ya huduma ya muuza magari mmoja hapa London kwa mambo mawili: kumwaga oili na ukaguzi wa kila mwaka wa MOT. Wakapatana pauni 190. Mchana simu ikaita. Mshauri wa huduma akamweleza kwamba pedi na diski za breki za nyuma zimelika, na kwamba wao wanapendekeza zibadilishwe. Mwenzetu, akinong'ona kwenye korido ya maktaba, akajibu, "Okay, okay." Jioni akakabidhiwa ankara ya pauni 437.

Sisi tunaozungumza Kiswahili tunajua alichokuwa akisema. "Sawa" yetu mara nyingi ni "nimekusikia, endelea." Tunaitia katikati ya maneno ya mtu kama tunavyotia "ehe" na "naam", ili asidhani tumemtupa. Kukubali huja baadaye, tukishauliza bei, tukashtuka kidogo na kuomba tupunguziwe. Mwenzetu aliivusha "sawa" hiyo hadi kwenye Kiingereza, na upande wa pili wa simu ikaandikwa kwamba mteja ameridhia. Hakuna aliyedanganya. Ila bei haikutajwa, wala haikuulizwa.

Nyumbani jambo hili lingekuwa gumu kutokea. Ukipeleka gari Gerezani, Dar es Salaam, au Grogan, Nairobi, unasimama pale pale. Unamshikia fundi tochi, unakwenda naye dukani kununua spea ili usiuziwe feki, na ile ya zamani unaiona kwa macho yako. Unaweza kupunjwa hata hivyo, lakini utapunjwa ukiwa unatazama. Hapa London unaacha ufunguo mapokezi, unapewa kahawa, na gari linapita mlango ambao mteja hapiti. Imani iliyokuwa machoni inabidi itafutiwe mahali pengine.

Idara nzuri zinajua hivyo. Fundi hurekodi video fupi akiwa chini ya gari, akionyesha pedi iliyolika, kisha huituma kwenye simu ya mteja. Hali ya kila kitu hupewa rangi, mithili ya taa za barabarani: kijani kwa kilicho kizima, njano kwa kinachoweza kungoja, nyekundu kwa kisichongoja. Hutenganisha makadirio, ambayo yanaweza kusogea, na bei ya mapatano, ambayo haisogei. Huandika kando bei ya spea na ya saa za kazi, na kujumlisha VAT ya asilimia 20 mapema, isije ikamshtua mtu mlangoni. Wahenga walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Lakini daftari nalo husomwa. Mwenzetu alipotulia alisoma karatasi ya MOT ya siku ile. Tangu Mei 2018 kasoro hupangwa kwa uzito: za hatari, kubwa na ndogo, chini yake kuna ushauri tu. Kabla breki hazijaguswa, gari lilikuwa limeshafaulu, na breki zile zilikuwa kwenye ushauri. Zilikuwa njano. Angeweza kungoja mshahara wa Desemba, na hilo ndilo lililomuuma kuliko hizo pauni 247.

Akarudi na karatasi yake. Meneja alisikiliza rekodi ya simu, akakuta bei haikutajwa, akamrudishia gharama ya kazi. Spea akazilipia mwenyewe, maana zilikuwa zimeshafungwa na zilikuwa nzima. Kama angekataliwa, bado asingekuwa mikono mitupu. Sheria ya Haki za Mlaji ya mwaka 2015 inasema kwamba pasipo bei ya mapatano, mteja hulipa bei ya kiasi tu. Tena kuna The Motor Ombudsman, wanaosuluhisha bila kumtoza mteja ugomvi wake na gereji zilizojiunga nao.

Mwaka huu tulimuuliza atapeleka gari wapi. Akasema pale pale. Tulishangaa, kisha tukamwelewa. Kahawa haikumshawishi, wala video. Ameona kwamba akisema "hapana" au "mmenikosea", anasikilizwa na bado anaitwa mteja. Gereji isiyowahi kukosea hatujaiona, Gerezani wala London. Ya kuaminika ni ile inayofungua daftari lake inapoulizwa.

Kwa wanachama wenye magari, tumekubaliana maneno ya kujibu simu ya gereji, kila mmoja ayaseme kwa Kiingereza chake: "Nimekusikia, lakini sijakubali. Ni nyekundu au njano? Niandikie bei yote pamoja na VAT, nami nitakujibu kwa maandishi." Msione haya. Mshauri wa huduma hataudhika. Atafurahi kwamba jioni hakuna ugomvi mapokezini.

Na walimu wetu mnaotusahihishia matamshi kila Jumatano, tunawaomba somo moja zaidi: namna ya kuitikia kwa Kiingereza bila kulipa.